Kikulacho ki Nguoni Mwako

Jumamosi jioni, pita kando ya kiwanja chochote cha mtaani, kiwe cha Mbeya, cha Mwanza au cha Tanga. Utawaona watoto wa miaka minane au tisa wakiufukuza mpira, na aghalabu baadhi yao wamevaa jezi za timu kubwa, walizonunuliwa na baba zao sokoni. Mgongoni pana namba ya mchezaji wampendaye. Kifuani, mahali paonekanapo kuliko pote, mara nyingi pameandikwa jina la kampuni ya kamari. Mtoto hajui kampuni hiyo yafanya kazi gani. Ajua jambo moja tu, kwamba jina hilo ni sehemu ya vazi la watu anaowapenda.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari katika nchi yetu. Mlango wa duka la kamari, basi, umefungwa mbele ya mtoto huyo. Lakini tangazo la duka lenyewe amelivaa, naye hulitembeza bure mtaani siku nzima.

Hatuandiki haya kwa kuupinga mpira wa miguu. Mpira ni kitu chema. Huwafundisha vijana kutii mwamuzi, kuvumilia kushindwa, na kutambua kwamba mmoja peke yake hawezi kitu bila wenzake. Huwakutanisha watu wa makabila yote na dini zote katika furaha moja. Kwa kuwa mpira ni kitu chema, yatupasa kuuliza kama unatumiwa vema. Nasi twauliza hivi: je, ni halali kwa klabu inayopendwa na watu kuukodisha upendo huo kwa biashara ya kamari?

Je, kamari ni dhambi?

Tusianze kwa kutia chumvi. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Mitume walipiga kura walipomchagua Matia kushika nafasi ya Yuda. Askari nao walipiga kura chini ya msalaba ili kulitwaa vazi la Bwana. Tendo la kupiga kura ni moja. Neno kubwa ni kile kinachotafutwa kwalo, na gharama anayetozwa mwingine.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika sehemu iletayo maelezo ya amri ya saba, yafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Huwa kinyume cha maadili pale inapomnyang'anya mtu yale anayoyahitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Yaonya pia kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Angalia vema kwamba fundisho hili limewekwa chini ya amri isemayo usiibe. Baba aliyepeleka fedha za unga au ada ya shule katika kamari hakupoteza mali yake peke yake. Amechukua cha mkewe na cha watoto wake.

Msomaji mmoja atatuuliza: na bahati nasibu za parokia je? Swali ni la haki, nasi hatutalikwepa. Anayenunua tikiti ya kusaidia paa la kanisa huinunua mara moja, kwa bei ndogo aijuayo, na akishindwa ajua fedha yake imekwenda wapi. Hakuna amfuataye usiku wa manane kumwambia ajaribu tena. Hata hivyo, parokia nayo ijichunguze. Mchango utolewao kwa moyo ni bora kuliko ule uliovutwa kwa tamaa ya zawadi.

Hesabu ambayo tangazo halisemi

Watu wengi hudhani kwamba kampuni ya kamari hushindana nao kama mtu ashindanavyo na mwenziwe, leo wewe, kesho mimi. Sivyo. Tufanye hesabu ndogo, ambayo kijana yeyote wa sekondari aweza kuihakiki.

Tuseme timu mbili zina nguvu sawasawa, na hakuna sare. Ukiweka shilingi 1,000 kwa moja, haki ingekuwa ulipwe 2,000 ukishinda. Kampuni itakulipa, mathalani, 1,900. Tofauti ni ndogo, wala hakuna anayeiona. Lakini kijana wa leo hachezi mechi moja; huunganisha mechi nyingi katika karatasi moja, ile iitwayo mkeka, kwa kuwa mkeka waahidi fedha nyingi. Akiunganisha mechi kumi za namna hiyo, nafasi yake ya kushinda ni moja katika 1,024. Kwa haki angelipwa mara 1,024 ya dau lake. Kwa bei ile ya kampuni, inayozidishwa mara kumi, atalipwa mara 613 tu. Yaani katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa namna hii, kwa muda mrefu na kwa watu wengi, karibu shilingi 400 hubaki kwa mwenye duka. Kadiri mkeka unavyokuwa mrefu, ndivyo sehemu ya mwenye duka inavyokua.

Na yule atabiriye mechi 13, kila moja ikiwa na njia tatu za kumalizika, huchagua njia moja kati ya 1,594,323. Kweli, mjuzi wa mpira aweza kupunguza ujinga wake kidogo. Lakini bahari haipunguki kwa kuteka ndoo.

Hatusemi kwamba huu ni wizi wa siri. Kampuni zina leseni, hulipa kodi, na bei zao huziandika wazi. Twasema kwamba mapato ya biashara hii yatokana na hasara za wachezaji, na hayana chemchemi nyingine. Fundi wa viatu hufaidika, na mnunuzi huondoka na viatu. Mkulima hufaidika, na mnunuzi hula. Katika kamari mmoja hupata kwa sababu wengi wamekosa, wala hakuna gunia lililoongezeka ghalani. Tena aliyeshinda hupigwa picha akiwa ameshika hundi kubwa kama mlango. Walioshindwa hawapigwi picha. Wangepigwa, ukuta wa uwanja mzima usingetosha.

Kinachokodishwa ni nini?

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tufikiri basi kwa nini kampuni ya kamari hulipa fedha nyingi hivyo ili jina lake litembezwe kifuani mwa wachezaji. Mwaka 2022 klabu ya Simba ilitangaza mkataba wa miaka mitano na kampuni ya kamari, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Na mwaka huo huo Yanga ilitangaza wa kwake wa miaka mitatu, wa zaidi ya shilingi bilioni 12. Kitambaa cha jezi hakina thamani hiyo.

Thamani yatoka kwingine. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Kwa muda wa miaka karibu tisini wazee wetu wamezipenda timu hizi, wamezigombania, wamezililia, na wakawarithisha watoto wao upendo huo kama warithishavyo jina la ukoo. Mtu aweza kuhama mtaa, akabadili kazi, hata akabadili chama cha siasa. Timu yake habadili. Upendo wa namna hii hauwezi kutengenezwa na kampuni yoyote. Hukodishwa tu, tayari umekwisha kukomaa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kamari ikija peke yake mlangoni, huja kama mgeni, na mwenye nyumba humtazama mgeni kwa hadhari. Ikija kifuani mwa timu ya baba, huja kama ndugu, na ndugu hapigi hodi. Fedha za mdhamini ni bei ya kutopiga hodi.

Basi viongozi wa klabu wanapotia sahihi mkataba huo, wanakodisha kitu ambacho si chao kwa ukamilifu. Imani ya mashabiki ni amana iliyowekwa mikononi mwao. Mwenye kushika amana ana ruhusa ya kuitumia kwa faida ya aliyeiweka. Hana ruhusa ya kuitumia kwa kumdhuru. Na hapa atakayedhurika ni yule yule mshabiki, kwa kuwa fedha anazolipwa mchezaji kupitia udhamini huu zimetoka, mwisho wa safari yake, katika mifuko ya walioshindwa, na wengi wao ni mashabiki. Kampuni huitwa mfadhili. Lakini mfadhili hutoa chake. Huyu hutoa sehemu ya kile alichokwisha kuwatoa watu wetu.

Mwenye kifua amekatazwa

Lipo jambo jingine linaloshangaza, na watu wachache hulifikiria. Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza wachezaji, makocha, waamuzi na viongozi kushiriki kamari za mpira. Sababu ni njema: mchezaji aliyeweka dau aweza kushawishika kuuza mechi, na mchezo mzima ukaoza. Wenye mpira, basi, wajua kwamba kamari ni hatari kwa mpira. Wamewafungia mlango watu wao wenyewe, kisha wakautumia mwili wa watu hao hao kuwaalika wengine.

Mwezi wa Mei 2023 mshambuliaji wa Brentford ya Uingereza, Ivan Toney, alifungiwa miezi minane na kutozwa faini ya pauni 50,000 kwa kuvunja kanuni za kamari za Chama cha Soka cha Uingereza mara 232. Tume iliyomhukumu ilitaja kwamba mtaalamu wa tiba alimwona ana ugonjwa wa uraibu wa kamari. Wakati huo jezi ya timu yake ilikuwa na jina la kampuni ya kamari kifuani. Hatumtetei, kanuni alizijua. Lakini twauliza: kifua kikisema "cheza", na kanuni ikimwambia mwenye kifua "ole wako ukicheza", ni lipi kati ya maneno hayo mawili tulilolikusudia kweli?

Ikiwa kamari ni hatari kwa mchezaji alipwaye vizuri, aliye na kocha, daktari na wakili wa kumshauri, yawaje iwe burudani isiyo na madhara kwa kijana wa bodaboda, ambaye dau lake ni chakula cha jioni, na duka la kamari li katika simu yake mfukoni mchana na usiku?

Hoja ya fedha

Twaijua hoja ya viongozi wa vilabu, nayo si hoja ya kipuuzi. Wasema: timu ni gharama, wachezaji wana watoto, viingilio havitoshi, kampuni hizi zilikuja wakati wengine wametupa kisogo. Mazungumzo ya haki hayana budi kukiri kwamba ni kweli. Wapo vijana waliopata mshahara, na timu zilizopata nauli, kwa fedha hizo.

Lakini tutazame yaliyowapata majirani zetu wa Kenya. Kampuni ya SportPesa ilianza huko mwaka 2014, na kwa muda mfupi ikawa mdhamini wa ligi kuu na wa vilabu vikongwe, Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka 2017 ilivuka mpaka ikazidhamini Simba na Yanga, tena ikafika hata Everton ya Uingereza. Tarehe 13 Julai mwaka huo Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa waitwa Benjamin Mkapa. Wayne Rooney alifunga, Everton ikashinda 2 kwa 1, na watu wakafurahi. Timu zote mbili zilikuwa zimevaa kifuani jina lile lile.

Miaka miwili tu ikapita. Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, kwa mzozo wa kodi. Agosti udhamini wa Gor Mahia na AFC Leopards ukavunjwa; Septemba kampuni ikatangaza kusimamisha kazi zake nchini humo. Ligi ikabaki bila mdhamini, vilabu vikahangaika kutafuta mishahara, na Sony Sugar ikafukuzwa katika ligi mwezi wa Novemba kwa kushindwa kufika uwanjani kwa mechi tatu. Kampuni ilirudi Kenya baadaye. Lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa. Wapo waliosema: mwaona, kuiondoa kamari ni kuua mpira. Sisi twasoma somo jingine. Nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja haikuangushwa siku nguzo ilipoondolewa; ilikuwa imeanza kuanguka siku mjenzi alipoona kwamba nguzo nyingine hazina haja.

Wala si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Ligi kuu ya Tanzania kwa miaka mingi ilidhaminiwa na kampuni ya simu, na mwaka 2021 ilipata mdhamini ambaye ni benki. Nchi ambazo mpira wake ni tajiri nazo zimeanza kurudi nyuma. Italia ilitunga sheria mwaka 2018 ya kupiga marufuku matangazo ya kamari. Hispania ilitoa amri yake mwaka 2020, na majina ya kamari yakaondoka katika jezi. Vilabu vya ligi kuu ya Uingereza vilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025-26. Kwenye mikono ya jezi na mabango ya uwanjani hawakugusa. Toba yao ni nusu. Lakini huko huko, tangu mwaka 2007, kampuni zenyewe zilikubali kwamba jezi za watoto zisiuzwe zikiwa na majina ya kamari. Twauliza kwa unyenyekevu: je, mtoto wa Kariakoo ana thamani ndogo kuliko mtoto wa Liverpool?

Yatupasayo

Tusimalize kwa kulaumu wakubwa peke yao. Kila mmoja ana sehemu yake.

Viongozi wa vilabu, mikataba iliyopo itafikia mwisho wake. Kabla ya kutia sahihi mwingine, waulizeni wanachama wenu, nao wajue fedha zimetoka wapi. Anzeni na lililo jepesi: jezi za watoto zisiwe na jina la kamari, na wachezaji wa timu za vijana wasilivae. Hilo halitaua klabu yoyote. Kisha jengeni ada za wanachama, maana klabu yenye mamilioni ya wapenzi, iliyo na wanachama wachache wanaolipa, haijakosa fedha, imekosa mpango.

Wenye madaraka, twajua kwamba serikali hupata kodi katika biashara hii, na kodi hujenga shule na zahanati. Lakini mlinzi alipwaye na yule anayemlinda ana kazi ngumu. Sheria iliyomkataza mtoto kucheza haijakamilika maadam haijamkinga na mwaliko wa kucheza.

Nanyi wazazi wapendwa, msiwakataze watoto mpira, wala msiichome moto jezi ya timu. Kaeni na kijana wenu, chukueni kalamu na karatasi, fanyeni naye ile hesabu ya mechi kumi. Kijana aliyeambiwa "kamari ni mbaya" husahau. Aliyeona kwa mkono wake 1,024 na 613 hasahau. Na baba ambaye mwenyewe hukaa Jumamosi na mkeka wake, asitazamie maneno yake yasikike. Ikiwa umekwisha kunaswa, ndugu, usijifiche kwa aibu. Mwambie mkeo, mwambie padre wako, mwambie rafiki mwaminifu ashike fedha zako. Utumwa hukua gizani.

Wazee wetu walituachia methali: kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wakisema juu ya chawa, na juu ya ndugu asiye mwaminifu. Hawakujua kwamba siku moja ingekuwa kweli kwa herufi zake, kwamba kitu kilacho mshahara wa baba na ada ya mtoto kingeshonwa kifuani, nasi tukakinunua kwa fedha zetu na kukivaa kwa shangwe. Mtu akitambua kinachomla hana haja ya kuitupa nguo yake aipendayo. Huivua, akaisafisha, kisha akaivaa tena.